Miche Inakauka, Kingo Zinabomoka: Utatuzi wa Matatizo kwa Vikundi vya Kurejesha Mito, Chemchemi na Misitu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vinavyotunza kingo za mito, chemchemi, ardhi oevu na vipande vya msitu, kuanzia Njoro na miteremko ya Mau hadi Vihiga, Kakamega, tambarare za Kano na ufuo wa Kisumu, nchini Kenya. Malalamiko yaliyomo ni yale yale yanayorudi kila msimu, na yamepangwa kwa dalili kwa sababu mtu aliyesimama shambani huona dalili kwanza, chanzo hukijua baadaye. Chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi usiohitaji fedha umekuja kabla ya kazi ya jembe.

Ombi moja kabla ya yote: msing'oe kilichokufa na kupanda kingine mahali pake kabla ya kukichunguza. Kikundi kinachojaza mapengo bila kuuliza kwa nini mche wa kwanza ulikufa huishia kuzika miche miwili katika shimo moja.

Dalili ya kwanza: miche inakauka ndani ya miezi mitatu

Tembeeni eneo lote mkiwa na daftari, mchore ramani ya mkono, na mtie alama kila palipo na mche uliokauka. Mpangilio wa vifo husema mengi. Ikiwa vifo vimetawanyika ovyo, mche hai ukiwa jirani na mkavu, shukuni kitalu au upandaji wenyewe. Ikiwa vimekusanyika katika kipande kimoja, shukuni udongo, maji au mchwa. Ikiwa vinafuata mstari, aghalabu kando ya njia, hapo pana kwato au miguu ya watu. Kisha kwangueni gome karibu na ardhi kwa ukucha. Mkiona kijani chini yake, mche haujafa. Umepukutisha majani kwa kiu tu, na huenda ukachipua mvua ikirudi. Miche mingi hung'olewa ikiwa hai kwa kukosa ukaguzi huu wa sekunde mbili.

Chanzo kinachoongoza, na kwa mbali, ni namna mche ulivyopandwa. Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kilipanda kando ya kijito kinachoingia Mto Nyando, siku ambayo wageni walikuwa wengi kuliko majembe. Wiki ya kumi nilishika mche mkavu wa siala nikauvuta, ukatoka bila kushindana nami, na mizizi yake ilikuwa bado imevaa karatasi nyeusi ya kitalu, imejizungusha ndani yake kama kamba iliyokunjwa kikapuni. Mama mmoja aliyekuwa nami akavuta wa pili, wa tatu, wa nne, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii tulipanda au tulihifadhi?" Tangu siku hiyo hakuna anayeondoka shambani kabla karatasi hazijahesabiwa: idadi ya karatasi zilizorudi guniani lazima ilingane na idadi ya miche iliyopandwa.

Basi vuteni au fukueni miche mitano iliyokufa mahali tofauti na mtazame mambo manne: kama karatasi ilitolewa, kama mizizi imejizungusha badala ya kutawanyika, kama shingo ya mche, yaani pale shina linapokutana na mizizi, imefukiwa chini sana ikaoza, na kama kuna uwazi ndani ya shimo kwa sababu udongo haukushindiliwa kwa mguu. Shimo la upana na kina cha sentimita 45 linatosha kwa miche mingi, mradi udongo wa juu uliwekwa kando wakati wa kuchimba na ukarudishwa wa kwanza, karibu na mizizi.

Chanzo cha pili ni wakati. Mvua za masika huanza Machi na katika sehemu nyingi hupungua mwishoni mwa Mei, ingawa nyanda za juu za magharibi na upande wa Nakuru huendelea kupata mvua hadi karibu Agosti. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Tangu mwaka 2024 tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Mazingira, na ni siku nzuri kwa hotuba na picha, lakini mche hausomi kalenda. Kabla ya kukubali tarehe yoyote ya upandaji, chimbeni hadi kina cha sentimita 30 na mfinyange udongo wa chini mkononi. Kama hausongani, ahirisheni, hata kama hema limekwisha kukodiwa.

Cha tatu ni miche laini iliyotoka kivulini moja kwa moja hadi jua kali. Mwulizeni mwenye kitalu kama aliizoesha kwa wiki mbili au tatu, akipunguza maji na kivuli kidogo kidogo. Majani mapana ya kijani kibichi sana na shina jembamba ni alama ya mche uliodekezwa.

Vifo vikiwa vya pamoja katika kipande kimoja, jazeni shimo maji jioni na mrudi asubuhi. Maji yakiwa bado yamesimama, kama inavyotokea mara nyingi katika udongo mweusi wa Kano, mizizi ilikufa kwa kukosa hewa, na kumwagilia zaidi ni kuongeza msiba. Pandeni juu ya vituta mlivyoinua wenyewe, au chagueni miti inayostahimili maji kama mkuyu na sesbania. Udongo huo huo ukikauka hupasuka nyufa zinazokata mizizi michanga, kwa hiyo tandazeni nyasi kavu ifikapo mwisho wa mvua. Kwenye udongo mwepesi wa majivu ya volkano unaopatikana sehemu nyingi za Nakuru tatizo hugeuka: maji hupita kana kwamba yamemiminwa katika chujio, na dawa yake ni samadi iliyooza vizuri pamoja na matandazo mazito.

Mchwa hushika nafasi inayofuata. Alama yake ni koti jembamba la udongo juu ya shina na gome lililoliwa kuzunguka shina lote usawa wa ardhi. Mchwa hupenda mche uliokwisha kudhoofika kwa kiu, na ndiyo sababu mashambulizi huongezeka kiangazi. Kabla ya kumlaumu yeye, kagueni tena upandaji. Sogezeni matandazo yakae shubiri moja kutoka kwenye shina. Majivu ya jikoni husaidia kwa siku chache tu, kwani mvua moja huyaosha. Kama mche umeegemea upande na ukiuinua unatoka bila mizizi kabisa, mwizi si mchwa, ni fuko.

Komeni hapa. Msimwage dawa ya mchwa kando ya mto, kisima au chemchemi kwa ushauri wa duka peke yake. Dawa za kale kama aldrini na dieldrini zilipigwa marufuku, na mwenye kuwauzia kitu kisicho na lebo anawauzia hatari. Mwiteni afisa wa kilimo wa wadi. Na kama miti ya aina moja tu inageuka manjano, inatoa utomvu au inakauka kuanzia juu huku ya aina nyingine ikinawiri, huo huenda ni ugonjwa: pelekeni tawi lenye sehemu hai na sehemu kavu kwa wataalamu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu yenye vituo Maseno na Londiani.

Dalili ya pili: miche inaliwa au kukanyagwa

Nyayo na kimo cha jeraha vitawaambia nani alipita. Mbuzi hukata ncha na kuchuna gome. Ng'ombe hung'oa au kukanyaga. Mkato safi wa mshazari chini kabisa aghalabu ni wa sungura. Chanzo kinachozidi vyote ni kwamba mlipanda juu ya njia ya zamani ya mifugo kwenda majini, na njia hiyo ina umri mkubwa kuliko kikundi chenu. Seng'enge hukatwa au huibwa. Kinachodumu ni kukubaliana na wafugaji sehemu moja ya kunyweshea, kuitandika mawe ili isiwe tope, kisha kufunga nyingine kwa ua wa matawi ya miiba. Wafugaji wapewe nafasi ya kuchagua mahali hapo wenyewe. Mahali palipochaguliwa na kamati peke yake, mifugo haipajui.

Uharibifu wa makusudi upo, ila ni nadra kuliko vikundi vinavyodhani. Miche ikikatwa kwa panga kwa mstari mnyoofu, msianze doria ya usiku. Mpaka wa ardhi ndio unaozungumza hapo, nami nitaurudia mwishoni.

Dalili ya tatu: miti mikubwa inakufa kwa pamoja karibu na ziwa

Hapa ukaguzi ni mfupi. Tazameni alama ya maji kwenye mashina. Ziwa Nakuru limepanda tangu karibu mwaka 2010 na kuzamisha migunga mirefu ya gome la manjano iliyokuwa ikipamba ufuo wake, na mwaka 2020 Ziwa Victoria nalo lilifikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Miti iliyozama mizizi kwa miezi hairudi. Msiikate yote, maana ndege huitumia. Hamisheni upandaji wenu juu zaidi ya alama ya juu kabisa ya maji.

Dalili ya nne: ukingo wa mto unabomoka pamoja na miti mliyoipanda

Sababu inayotangulia ni kupanda miti peke yake kwenye mteremko usio na nyasi. Mche wa mwaka mmoja hauna uwezo wa kushika udongo, ni mzigo tu juu yake. Katika mteremko, nyasi ndizo hutangulia: vetiva au nepia kwa mistari inayokingama mteremko, matete chini kabisa maji yanapogusa, na miti juu, hatua kadhaa kutoka ukingoni. Vikundi vingi hupanga kinyume chake, kwa sababu mti huonekana vizuri zaidi kwenye ripoti.

Ikiwa nyasi zipo na ukingo bado unaanguka, tembeeni kilomita moja juu na chini ya mahali penu. Uchimbaji wa mchanga huteremsha sakafu ya mto, na mto hurudisha kimo chake kwa kula kingo. Hakuna mche utakaoshinda hilo. Chanzo kingine, kisichotazamwa mara nyingi, ni kalvati ya barabara inayotema maji yote ya mtaa mahali pamoja. Nendeni mvua ikinyesha, si siku ya jua, muone maji yanatoka wapi. Maji hayo yakipunguzwa kasi huko juu kwa vizuizi vidogo vya mawe na mifereji inayofuata kontua, yaani usawa mmoja wa mteremko, nusu ya kazi ya chini hufanyika yenyewe.

Kama ukingo umejaa mikalitusi, msiing'oe mizizi. Ikateni kwa zamu, mwache visiki vishike udongo, na mrudi kila baada ya wiki chache kuvunja machipukizi hadi visiki vichoke, huku miti ya asili ikikua katikati yake.

Komeni hapa. Mkiona nyufa ndefu ardhini zinazokwenda sambamba na ukingo, au korongo lililozidi kimo cha mtu, mtu yeyote asisimame juu wala chini yake, hasa watoto wa shule walioletwa kupanda. Korongo la Katuk Odeyo kule Nyakach linaonyesha jinsi ardhi inavyoweza kumeza mashamba na njia. Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, si kazi ya kubahatisha: ikijengwa vibaya, maji hupita nyuma yake na kuongeza shimo. Iteni mhandisi wa kaunti na Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Dalili ya tano: chemchemi inapungua

Pimeni kabla ya kubishana. Tegeni mtungi wa lita 20 na saa ya simu. Ukijaa kwa sekunde 40, mnapata lita 30 kwa dakika. Andikeni kila mwezi, siku ile ile, na mlinganishe Februari na Februari iliyopita, wala si Februari na Mei. Hofu nyingi za chemchemi kukauka huishia kwenye daftari hilo, kwa kuwa ilikuwa kiangazi tu.

Maji yakiwa yamepungua kweli, angalieni bomba kwanza. Mizizi na tope huziba tundu, na maji hutafuta njia kando ya ukuta: pakiwa na unyevu mpya au nyasi mbichi pembeni wakati wa jua, chemchemi haijakauka, inavuja. Safisheni mfereji wa juu unaozuia maji ya mvua, rekebisheni ua, ondoeni tope.

Baada ya hapo ndipo mnapaswa kutazama mikalitusi iliyo juu ya jicho la maji. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikalitusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji, na watu wengi wa Vihiga na Kakamega wanalikumbuka agizo hilo kwa hasira kama wanavyolikumbuka kwa sifa, kwa kuwa mkalitusi ni karo ya shule iliyosimama wima. Njia inayofaulu ni kumfuata mwenye shamba miezi michache kabla hajauza nguzo au kuni, mkubaliane kwamba baada ya mavuno visiki vya karibu na chemchemi havitaachwa vichipue, na kikundi kimpe miche ya badala pamoja na nguvu kazi ya kuipanda. Anayeombwa akate miti michanga atakataa, na ana haki ya kukataa.

Komeni hapa. Msivunje saruji ya chemchemi iliyojengewa ili "kufungua" maji. Jicho likivurugwa, maji yanaweza kuhama na yasirudi. Fundi wa idara ya maji ya kaunti ndiye wa kuitwa. Maji yakibadilika rangi au kunuka, au watoto kadhaa wakiharisha kwa pamoja, simamisheni matumizi ya kunywa siku hiyo hiyo na mwarifu afisa wa afya ya umma, kabla ya mkutano wowote.

Dalili ya sita: magugu yanarudi baada ya kuondolewa

Lantana hurudi kwa sababu ilifyekwa bila kung'olewa. Ing'oeni mara baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na mpande kitu siku hiyo hiyo, kwani ardhi tupu ni mwaliko kwake. Kwa upande wa mapera yanayovamia pembezoni mwa Msitu wa Kakamega, nashauri subira kinyume cha desturi. Inueni matawi muone chini yake: mara nyingi mtakuta miche ya miti ya msitu iliyoletwa na ndege, ikikulia kivulini. Punguzeni mapera polepole, msiwanyang'anye yaya watoto kabla hawajasimama.

Magugu maji ni shauri jingine. Vikundi vya ufuo huvuta magugu siku nzima na kesho yake ghuba imejaa tena. Sababu ya kwanza ni upepo: kilichotoka kimebadilishwa na kilichosukumwa kutoka kwingine. Sababu ya pili ni rundo lililoachwa karibu na maji likarudi na wimbi. Lipelekwe mbali, likauke, liwe mboji. Ya tatu ni ya ndani zaidi: maji taka na mbolea kutoka mashambani hulisha mmea ambao, hali ikiwa nzuri, unaweza kuongezeka maradufu katika wiki mbili hivi. Wadudu fukusi walioletwa kuula katika miaka ya 1990 walisaidia, lakini hawafui dafu mahali chakula kinapomiminwa kila siku. Kwa hiyo kikundi kidogo kijiwekee lengo la kulinda mlango mmoja wa boti au kipande kimoja cha mafunjo, si ghuba nzima.

Komeni hapa. Chini ya magugu kuna viboko, mamba na nyoka. Kiboko akionekana, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Wapigieni KWS, shirika la wanyamapori, na mwarifu BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo wenu. Waliosimama majini wana hatari ya kichocho hata kama hawajisikii vibaya, kwa hiyo waende kituo cha afya wapimwe.

Dalili ya saba: watu wanapungua

Chanzo cha kwanza kwa kawaida ni ratiba, na uvivu huja nyuma sana. Majuma ya kupanda miti ndiyo majuma ya kupanda mahindi; anayechagua mahindi hajausaliti mradi. Chimbeni mashimo Januari na Februari ili siku ya kupanda iwe fupi. Jumamosi, ambayo kila kamati huipenda, ni siku ya ibada kwa Wasabato, ambao ni wengi Nyanza, na ni siku ya mazishi kwa karibu kila mtu mwingine. Kikundi chetu kilipohamia Jumatano asubuhi, waliorudi walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia.

Chanzo cha pili ni fedha zisizosomwa. Hesabu zisomwe kila mwezi kwa sauti, pamoja na risiti za miche, na akaunti iwe na watia saini watatu. Kikundi kisichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 kitapata taabu kufungua akaunti au kudai chochote. Wanaofanya kazi ndani ya msitu wa serikali wanahitaji pia chama cha jamii cha msitu chenye makubaliano na KFS, shirika la serikali la misitu, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2016. Bila hayo, mlinzi wa msitu ana haki ya kuwafukuza hata kama mmebeba miche.

Komeni hapa. Mtu akidai kwamba mlipopanda ni shamba lake, acheni kazi mahali hapo, msing'oe wala kuongeza hata mche mmoja, na msijibizane kuhusu mita za hifadhi ya mto mkiwa mmeshika majembe. Mwombeni chifu aitishe baraza, mpima ardhi aje na ramani yake, na hatimiliki itazamwe na mtu anayeweza kuisoma. Fedha zikipotea, mweka hazina asihojiwe kando ya mto. Chukueni taarifa ya benki au ya simu, iandikwe katika kumbukumbu za kikao, na nakala ifike kwa afisa wa maendeleo ya jamii siku hiyo hiyo.